Kufunza, Kuzoeza na Kufuga: Msamiati wa Kiingereza Kuhusu Watu na Wanyama Waliofunzwa, na Visawe Vyake vya Kifaransa

Utangulizi

Mfasiri wa Kiswahili hukutana mara kwa mara na neno la Kiingereza "train" pamoja na jamaa zake "trained", "training", "trainer" na "trainee". Huyakuta katika taarifa za serikali, vitabu vya ukulima, habari za michezo na miongozo ya askari. Aghalabu hayamsumbui. Huandika "funza" au "mafunzo", kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Muuguzi amefunzwa, askari amefunzwa, mbwa wa polisi amefunzwa, farasi amefunzwa, na mwalimu ambaye hakupitia chuoni hakufunzwa. Sentensi zote hizo zasomeka, wala hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja, msomaji mwenye sikio la lugha huhisi kwamba pana jambo lisilokaa sawa.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa njia ya ulinganishi. Msamiati wa Kiingereza utawekwa kando ya visawe vyake vya Kifaransa, na baadaye kando ya maneno ya Kiswahili. Kifaransa kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza katika uwanja huu yalitoka Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hivyo lugha hizi mbili zagawana mizizi ilhali hazigawani maana. Pili, Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Kongo, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Burundi na Rwanda. Kwa hiyo wasemaji wengi wa Kiswahili hulipata wazo la mafunzo kwa mlango wa Kifaransa, wakati wenzao wa Kenya, Uganda na Tanzania hulipata kwa mlango wa Kiingereza.

Hoja yenyewe ni kwamba kila kitenzi cha kufunza hubeba ndani yake majibu ya maswali matatu: anayefunzwa ni nani, anafunzwa kwa njia gani, na mafunzo hayo yana faida kwa nani. Kiingereza huyafunika maswali hayo kwa neno moja pana. Kifaransa humlazimisha msemaji kuyajibu kabla hajasema. Kiswahili nacho kina maneno ya kutosha ya kuyajibu, ila mfasiri anayelifuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua huyaacha nyuma.

Neno "train" na safari yake

Asili ya "train" ni kitenzi cha Kifaransa cha kale "traïner", yaani kuburura, ambacho nacho chatokana na shina la Kilatini "trahere", kuvuta. Katika Kiingereza, jina "train" lilikuwa na maana ya sehemu ya vazi inayoburuzika nyuma, kisha msafara wa watu wanaomfuata mkubwa wao. Hatimaye, katika karne ya 19, likawa jina la mabehewa yanayovutwa na injini. Kitenzi chake kilipita njia nyingine. Katika karne ya 15 kilitumika kwa mimea: kuvuta tawi changa na kulifunga ili likue upande anaoutaka mkulima. Katika karne ya 16 kikatumika kwa mtoto, kwa askari na kwa mnyama.

Basi picha iliyo chini ya neno hili ni ya mkulima na mche wake. Picha hiyo haiulizi kama kinachoelekezwa kina akili au hakina, wala kama kimekubali au kimelazimishwa. Yatosha kwamba kipo kitu kichanga, upo mkono unaokivuta, na upo upande uliokusudiwa. Ndiyo maana hata leo Mwingereza aweza kutumia kitenzi hicho kwa mzabibu, farasi, daktari, mkimbiaji na jicho, na hata kwa mzinga unaoelekezwa kwa adui, bila kuona kwamba amechanganya mambo.

Waswahili wataitambua picha hiyo kwa urahisi, kwani methali yao yasema: samaki mkunje angali mbichi. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimeiacha picha hiyo katika methali, ambako kila mtu ajua kuwa ni mfano, ilhali Kiingereza kimeifanya kuwa kitenzi cha kila siku.

Ushahidi mzuri wapatikana katika tafsiri za Biblia. Katika Mithali 22:6, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia "train up" kuhusu mtoto. Tafsiri ya Kifaransa ya Louis Segond yatumia "instruire", yaani kufundisha. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 yatumia "lea". Mstari ni mmoja, lakini Mwingereza ameona mche, Mfaransa ameona mwanafunzi, na Mswahili ameona mwana. Wote watatu wamefasiri sawa, kila mmoja kwa desturi ya lugha yake.

Migawanyo ya Kifaransa

Mfaransa hana neno moja linalolingana na "train". Kitenzi "traîner", ambacho ni ndugu wa damu wa neno hilo, kimebaki na maana yake ya kuburura, na hakihusiani na mafunzo hata kidogo. Mahali pake pana vitenzi kadhaa, kila kimoja na mtendwa wake.

Kwa mtu anayefunzwa kazi, kitenzi ni "former", yaani kumpa umbo. Muuguzi, mwalimu na fundi wa mitambo hupata "formation", na anayewafunza ni "formateur". Aliye katika majaribio ya kazi ni "stagiaire", na aliyewekwa kwa fundi ajifunze ufundi ni "apprenti".

Kwa mnyama anayefunzwa kutii amri na kufanya kazi, kitenzi ni "dresser", na anayemfunza ni "dresseur". Mbwa wa polisi ni "chien dressé". Maana ya asili ya kitenzi hiki ni kunyoosha au kusimamisha. Ndiyo maana Mfaransa huweza pia "dresser" hema, meza ya chakula au orodha ya majina. Kikitumiwa kwa mtu, kitenzi hiki hugeuka kuwa tishio au tusi. Kusema kwamba jeshi au adhabu fulani "itam-dresser" kijana ni sawa na kusema kwa Kiswahili kwamba itamtia adabu.

Kwa mwanariadha kitenzi ni "entraîner", na mkufunzi wake ni "entraîneur". Hapa pana jambo la kuangaliwa. Maana hii ya michezo Kifaransa kiliipata kutoka Kiingereza katika karne ya 19, na kwanza ilitumika kwa farasi wa mashindano, kisha ikahamia kwa wanadamu. Neno lililokuwa limevuka bahari kwenda Uingereza likiwa na maana ya kuburura liliwarudishia Wafaransa maana mpya. Hadi leo "entraîneur" aweza kuwa wa farasi au wa timu ya mpira, wala hakuna anayeona haya, kwa sababu wote wawili wanakimbia kwenye uwanja mmoja wa mashindano.

Kwa mnyama wa mwituni Kifaransa chatofautisha njia. Mnyama akivutwa polepole kwa chakula na upole mpaka akamzoea mtu, kitenzi ni "apprivoiser". Akishindwa kwa nguvu na hofu, kama simba wa sarakasi, kitenzi ni "dompter", na anayefanya hivyo ni "dompteur". Kiingereza huweza kutumia "tame" mahali pote pawili. Hasara ya jambo hili huonekana katika kitabu Le Petit Prince cha Antoine de Saint-Exupéry, kilichotolewa mwaka 1943. Humo mbweha ndiye anayemwomba mtoto "am-apprivoiser", yaani wajenge uhusiano wa kuzoeana. Neno la Kiingereza lenye harufu ya kushinda na kutiisha halibebi ombi hilo kwa ukamilifu. Mfasiri wa Kiswahili angekosea zaidi akitumia "fuga", lakini "zoea" na "zoeana" yangemfikisha karibu sana na kusudi la mwandishi.

Tofauti hizi za Kifaransa na Kiingereza zilifika hata Afrika. Kiingereza kilichukua "dresser" zamani kikakielekeza kwenye mavazi, na pia kwenye kusafisha na kufunga kidonda. Hivyo "dresser" akawa msaidizi wa tabibu anayefunga vidonda. Katika Tanganyika ya miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliajiri wasaidizi wa namna hiyo vijijini, na wananchi wakawaita madresa. Mfaransa akilisoma neno hilo katika maandishi ya wakati ule, huona kitenzi cha kumzoeza mbwa. Katika Kongo ya Wabelgiji mtu wa kazi kama hiyo aliitwa "infirmier", na mwalimu Mwafrika wa shule ya msingi aliitwa "moniteur". Herufi zile zile, kazi mbali mbali: jambo hili lamtosha mfasiri kuwa onyo dhidi ya kuamini sura ya neno.

Mahali Kifaransa kinapochanganya

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Kifaransa hulinda heshima ya binadamu kwa kumtenga na mnyama, na kwamba Kiingereza hakijali. Lakini uchunguzi wa kina hauruhusu hitimisho hilo. Yapo maneno manne angalau ambamo Kifaransa huchanganya yale ambayo lugha nyingine hutenga.

La kwanza ni "élever". Mfaransa hutumia kitenzi hiki kwa mtoto na kwa kuku. Mfugaji ni "éleveur", na mwanafunzi wa shule ni "élève", na mtu mwenye adabu njema ni "bien élevé". Kiswahili hapa ndicho chenye mpaka ulio wazi kuliko lugha zote mbili za Ulaya: mtoto hulelewa, kuku hufugwa. Kumwambia Mswahili kwamba amefuga watoto wake ni kumtukana, na kumwambia kwamba amelea kuku ni kumchekesha.

La pili ni "propre", yaani safi. Mtoto aliyekwisha kujua kwenda choo na mbwa aliyezoea kutoka nje kwa haja, wote wawili Mfaransa huwaita "propre". Mwingereza hutenga: mtoto ni "toilet-trained", mbwa ni "house-trained".

La tatu ni "savant". Kwa kawaida neno hili ni jina la heshima la mwanachuoni. Lakini mbwa au nyani aliyefunzwa michezo ya kuwafurahisha watazamaji huitwa "chien savant" au "singe savant", na mtu anayerudia kwa ufasaha mambo asiyoyaelewa huambiwa kwamba ni "singe savant". Wanaofundisha vyuoni watalielewa tusi hilo bila maelezo zaidi.

La nne ni "redressement". Vijana waliovunja sheria walipelekwa katika "maison de redressement", nyumba ya kunyooshwa upya, na ndani ya jina hilo kimo kile kile kitenzi cha mbwa na farasi. Kiingereza kiliita mahali kama hapo "reformatory", pa kupewa umbo jipya. Zanzibar nako idara ya magereza huitwa Chuo cha Mafunzo. Majina yote matatu yana nia moja, ya kuficha ukali wa ufunguo na ukuta nyuma ya neno la mafunzo. Kila lugha imelichukua neno hilo kutoka kabati tofauti: moja kutoka kwa mnyoosha wanyama, moja kutoka kwa mtoa umbo, na moja kutoka shuleni.

Kutoka zizini hadi ofisini

Maneno ya kuwafunza wanyama hayakai zizini. Yana tabia ya kutoka na kuingia katika mambo ya watu, na mara nyingi watumiaji husahau yalikotoka. Viwanja viwili vyatosha kuwa mfano.

Cha kwanza ni uwindaji kwa kipanga, mchezo wa wakubwa wa Ulaya ya kale. Kumzoeza kipanga kukaa karibu na watu, kwa Kiingereza, ni "to man a hawk", kana kwamba ni kumtia utu. Kumwita arudi mkononi ni "reclaim", kutoka Kifaransa "réclamer". Leo neno hilo la Kiingereza latumiwa kwa ardhi inayokaushwa na mtu anayerejeshwa kutoka uovu. Chambo cha kumrudisha kiliitwa "leurre" kwa Kifaransa. Kiingereza kikapata "lure", nacho Kifaransa kikapata "leurrer", kumdanganya mtu. Kipanga aliyenaswa akiwa mzima, mwenye ukali wa mwituni, aliitwa "hagard", na Kiingereza kikapata "haggard", neno la kueleza uso uliochakaa kwa taabu. Kinda aliyetolewa kiotoni aliitwa "niais", na leo Mfaransa akimwita mtu hivyo amemwita mpumbavu. Basi katika mchezo huu mmoja, aliyekwisha kufunzwa ndiye kipimo, na yule asiyefunzwa amekuwa ama mkali ama mjinga.

Uwanja wa pili ni wa farasi. Kiingereza "manage" chatokana na Kiitalia "maneggiare", kumshika na kumwongoza farasi kwa mkono. Kifaransa kina "manège", uwanja wa kuzoezea farasi. Kwa hiyo meneja anayeketi ofisini Nairobi, kwa asili ya jina lake, ni mshika farasi. Kocha naye ametoka jirani: "coach" ni gari la kukokotwa na farasi, lililopewa jina la kijiji cha Kocs huko Hungaria, kisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza katika karne ya 19 wakampa jina hilo mwalimu anayewabeba hadi ng'ambo ya mtihani.

Wala Kiswahili hakipaswi kuyacheka hayo, kwani nacho kimo safarini. Kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutunza na kuongoza farasi kimezaa maneno mawili yaliyoingia Kiswahili. Moja ni "saisi", mtunza farasi. La pili ni "siasa". Katika Kiswahili cha zamani, kusema na mtu kwa siasa kulikuwa kusema naye kwa upole na utaratibu, kama saisi mwema asemavyo na farasi mwenye hofu. Maana ya utawala wa nchi ndiyo iliyoshinda baadaye. Kadhalika neno "hatamu", kamba ya kumwongozea mnyama, lilipanda cheo likawa la uongozi, hata Tanzania ya chama kimoja ikawa na kaulimbiu ya Chama kushika hatamu. Aliyeitunga kaulimbiu hiyo hakukusudia kuwafananisha wananchi na farasi. Lakini lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo wasemaji wake hawakuziweka kwa makusudi.

Kuvunja

Kati ya maneno yote ya Kiingereza katika uwanja huu, lililo zito zaidi ni "break". Farasi mchanga anayezoezwa lijamu na tandiko kwa mara ya kwanza husemwa kwamba anavunjwa. Kifaransa kwa kazi hiyo hutumia "débourrer", neno ambalo kwa asili ni la kuondoa manyoya kwenye ngozi. Halina wazo la kuvunja. Lakini Kifaransa kina "rompu", yaani aliyevunjwa, kwa maana isiyotarajiwa. Mtu "rompu à" kazi fulani ni mzoefu aliyeiva katika kazi hiyo, na kuambiwa hivyo ni sifa. Mfasiri asiyejua hayo aweza kumgeuza stadi kuwa aliyevunjika.

Katika Kiingereza, kuvunja hakukuishia kwa farasi. Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1845 jinsi alivyopelekwa kwa mwaka mmoja kwa mkulima Edward Covey, aliyesifika miongoni mwa wenye watumwa kwa ustadi wa kuwavunja vijana wakaidi. Kitenzi kilikuwa kile kile cha farasi, na njia zilikuwa zile zile: kazi isiyokoma na mjeledi. Douglass alieleza pia kwamba siku moja alipambana na Covey kwa mikono, na tangu siku hiyo hakuchapwa tena. Msomaji wa kitabu hicho huelewa kwamba vita vile vilikuwa pia juu ya kitenzi, yaani kama mtu ni wa kuvunjwa au si wa kuvunjwa.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na msamiati wake wa jambo hilo. Katika karne ya 19, mtumwa mgeni aliyeletwa kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za mji, aliitwa "mjinga". Aliyezaliwa pwani akakulia humo aliitwa "mzalia". Leo "mjinga" ni mtu yeyote asiyejua, na watoto hutaniana kwalo shuleni. Neno hilo halikutokana na kupima akili ya mtu, bali na kupima umbali wake na nyumba ya bwana. Hali ni kama ya "niais" na "hagard": asiyefunzwa hupewa jina na yule anayetaka kumfunza, kwa kipimo cha mahitaji yake mwenyewe.

Kiswahili na mwalimu "asiyefunzwa"

Baada ya mzunguko huo, yafaa kurudi kwa mfasiri aliyetajwa mwanzoni. Kiswahili chamwekea mbele maneno gani?

Shina la kwanza ni "-funda", lililozaa "fundi", "fundisha", "funza", "mafunzo", "mwanafunzi" na "mkufunzi". Shina hili lingali na maana yake ya kale katika unyago, ambako mwali hufundwa na kungwi au somo wake. Kwa hiyo kufunzwa, kwa Mswahili, hakukosi kugusa tabia na utu. La pili ni "zoea", pamoja na "zoeza" na "mazoezi". Hili halibagui: mtu huzoezwa, mnyama huzoezwa, mkono na jicho huzoezwa; linaangalia kurudiarudia tu. La tatu ni "fuga", ambalo ni la mnyama, na ambalo halihusu mafunzo. Mbuzi hufugwa maisha yake yote bila kufunzwa lolote. La nne ni "lea", la mtoto. Kando ya hayo pana "tiisha", "rudi" na "tia adabu" kwa njia za nguvu, na "somea" na "hitimu" kwa mambo ya chuo na cheti.

Basi na tuchukue mfano mmoja wenye uzito. Katika miongo ya kwanza baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, shule nyingi zilitegemea walimu walioitwa kwa Kiingereza "untrained teachers". Wengi wao walikuwa wamefundisha miaka mingi, na walioketi mbele yao wakapanda hadi vyuo vikuu. Walichokosa ni cheti cha chuo cha ualimu, na kwa sababu hiyo mishahara yao ilikuwa ya chini. Mfaransa angewaita "non diplômés", wasio na stashahada, nalo neno hilo lataja karatasi iliyokosekana bila kumgusa mtu. Kiingereza kwa neno lake pana chasema kwamba hawakufunzwa.

Mfasiri akiandika kwa Kiswahili "walimu wasiofunzwa", huongeza jeraha ambalo Kiingereza hakikulikusudia. Kila Mswahili ajua methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika methali hiyo, asiyefunzwa ni mtu asiye na adabu, aliyekosa malezi. Hivyo mwalimu wa miaka ishirini ambaye kosa lake ni kukosa cheti huwekwa, kwa kalamu ya mfasiri, katika kundi la watovu wa adabu. Kumbe lugha ina njia iliyo sahihi na yenye staha: "mwalimu asiyesomea ualimu", au "mwalimu asiye na cheti cha ualimu".

Ipo hatari ya upande wa pili pia. Neno "mafunzo" likitumika kwa kila jambo, kuanzia mbwa hadi daktari, na kuanzia semina ya siku mbili hadi kozi ya miaka mitano, litapoteza ile maana ya utu iliyomo katika shina lake. Haifai kumkataza mtu kusema kwamba mbwa wa polisi amefunzwa, maana usemi huo umekwisha kuenea na hauna ubaya. Linalofaa ni mfasiri kujua kwamba anachagua.

Muhtasari wa visawe

Orodha ifuatayo yaweza kuwasaidia wafasiri na walimu wa tafsiri. Kila mstari una neno la Kiingereza na mtendwa wake, kisha kisawe cha Kifaransa, kisha mapendekezo ya Kiswahili.

"Train", muuguzi au fundi: "former"; kufunza, kusomesha.
"Train", mwanariadha: "entraîner", kuzoeza, kufanyisha mazoezi.
"Train", mbwa au farasi: "dresser", kuzoeza, kufunza kazi.
"Train", mzabibu: "palisser" au "conduire", kuelekeza, kutambaza.
"Drill", askari: "faire faire l'exercice", kupigisha kwata.
"Tame", kwa upole: "apprivoiser", kuzoesha, kufanya amzoee mtu.
"Tame", kwa nguvu: "dompter", kutiisha.
"Break", farasi mchanga: "débourrer", kuzoeza lijamu na tandiko.
"Rear", mtoto au mnyama: "élever", kulea kwa mtoto, kufuga kwa mnyama.
"Trained nurse": "infirmière diplômée", muuguzi aliyehitimu.
"Trained eye": "œil exercé", jicho lililozoea.
"Untrained teacher": "enseignant non diplômé", mwalimu asiyesomea ualimu.

Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiingereza na Kifaransa, ingawa vyashirikiana mizizi, vimeikata nchi ya mafunzo kwa mipaka tofauti. Kiingereza kina neno moja linaloenea kote. Kifaransa kina vitenzi vingi vyenye mipaka, lakini mipaka hiyo nayo ina mapengo yake, ambamo mtoto na kuku, mwanachuoni na nyani, hupita pamoja. Hakuna lugha kati ya hizo inayoweza kuwa kipimo cha nyingine, wala hakuna inayoweza kuwa kipimo cha Kiswahili.

Faida ya kuzilinganisha ni kumfanya mfasiri asimame kidogo mbele ya neno alilokuwa akilipita mbio. Akiisha kuuliza ni nani anayefunzwa, kwa njia gani na kwa faida ya nani, Kiswahili kitampa neno lake bila shida, kwani maneno yamo. Asipouliza, muuguzi, farasi na mfungwa watavaa kitenzi kimoja, na mwalimu wa kijijini aliyefundisha kizazi kizima ataendelea kuitwa mtu ambaye hakufunzwa.